Sura ya 6: Jeni Ndani ya Unga

Ini limefichwa chini ya mbavu na ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, lakini mapafu hukutana na hewa ya nje kila tunapovuta pumzi. Ndiyo maana mwaka 1989, Lap-Chee Tsui na Jack Riordan wa Toronto, pamoja na Francis Collins wa Michigan, walipotangaza kuwa wameipata jeni inayosababisha ugonjwa wa sistiki faibrosisi, wanasayansi wengi waliona njia imenyooka. Jeni inajulikana, na kiungo kinachoumia kinajulikana, tena kinafikika bila kisu wala sindano. Ilibaki kumvutisha mgonjwa nakala nzima ya jeni hiyo. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na hakuna tiba ya jeni ya kuvuta mapafuni, iwe ya maji au ya unga, iliyopata idhini ya kuuzwa.

Ugonjwa huo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Jeni yake, CFTR, huelekeza seli zijenge kijilango cha kupitishia chumvi kwenye utando wa seli. Kijilango kikikosekana, maji hayatoki kuulainisha ute wa njia za hewa. Ute unakuwa mzito na kunata, bakteria wanapata makao, na pafu linazeeka kabla ya mwenyewe. Tangu 2012 zimekuwapo dawa za vidonge zinazokisaidia kijilango kilichopinda kifanye kazi, na zimewarudishia uhai watu wengi. Lakini karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi ana hitilafu ya aina nyingine: vidonge havimfai kitu, mara nyingi kwa sababu mwili wake haujengi kijilango chochote cha kusaidiwa. Watu hao ndio hasa wanaoisubiri jeni.

Jaribio la kwanza kwa binadamu lilifanywa Marekani mwaka 1993 na timu ya Ronald Crystal, wakitumia kirusi cha adeno kama mbebaji. Kirusi kilibeba, ila mwili ulimtambua mgeni, na pafu la mgonjwa mmoja likavimba kwa ndani. Waingereza wakachagua njia ya upole zaidi: DNA ya duara iitwayo plasmidi, ikiwa imefungwa katika mafuta. Kati ya 2012 na 2014, Eric Alton na wenzake wa London, Oxford na Edinburgh waliwafuatilia wagonjwa 136. Baadhi walivuta ukungu wa dawa na baadhi ukungu wa maji ya chumvi, mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima. Walipimwa kiasi cha hewa wanachoweza kupuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza. Matokeo yalipochapishwa 2015, tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa asilimia 3.7, na sehemu kubwa yake ilitokana na kundi la maji ya chumvi kuporomoka huku kundi la dawa likisimama pale pale lilipokuwa. Daktari wa kifua hawezi kumpa mgonjwa habari hiyo kwa shangwe. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jeni ya kuvuta kuonekana ikilisaidia pafu la mgonjwa wa sistiki faibrosisi katika jaribio la namna hiyo, na mimi naihesabu kuwa hatua kubwa kuliko namba yake.

Sura hii haimhusu mbebaji, awe kirusi au mafuta. Huyo amekwisha kuandikiwa vitabu. Inahusu chombo kilichotoa ule ukungu, na kwa nini watu wengi sasa wanataka kuachana nacho.

Nebulaiza, ile mashine ya hospitali inayomvukiza mgonjwa wa pumu, huipasua dawa kwa mkondo mkali wa hewa hadi iwe vitone. Vitone vingi ni vikubwa mno. Hugonga kizuizi, hutiririka kurudi chini na kupasuliwa upya, tena na tena, hadi vipungue ukubwa. Kwa salbutamoli, dawa ya pumu, haidhuru. Kwa uzi mrefu wa jeni uliofungwa kwenye vijipira vya mafuta, kila mzunguko ni kipigo: vijipira hupasuka au hushikana, na kinachomfikia mgonjwa si kile kilichomiminwa kwenye kikombe. Tena kazi hiyo huchukua muda, inataka umeme, na chombo lazima kioshwe vizuri kila mara, kwa maana bakteria wanaomtesa mgonjwa wa sistiki faibrosisi hupenda sana mahali penye majimaji.

Maji yana kosa jingine la kimyakimya. RNA, ile nakala ya muda ya jeni ambayo chanjo za UVIKO-19 ziliipa umaarufu, hujikata yenyewe ikikaa majini: kila kiungo cha mnyororo wake kina kikundi cha oksijeni na haidrojeni kinachoweza kumshambulia jirani yake. Kinachoupunguza mwendo huo ni baridi kali au ukavu. Baridi tunaijua gharama yake. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huko Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, chanjo ilitakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, katika eneo lenye umeme wa kubahatisha na barabara zenye vita. Chanjo ile ilibebwa na kirusi hai, si RNA tupu, lakini somo la usafirishaji ni lile lile. Ukavu, kwa upande wake, hauhitaji friji.

Basi tuikaushe. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu unga wa jeni unadaiwa mambo matatu yanayovutana. Jeni itoke hai katika ukaushaji. Unga uruke kwa pumzi ya mgonjwa hadi ndani kabisa ya kifua. Na ukishatua, uyeyuke na kumwachia mbebaji akiwa mzima, ndipo aingie ndani ya seli. Kila dawa ya kuboresha sharti moja huelekea kuharibu jingine. Naona kosa la miaka mingi limekuwa kuutazama unga kama kifungashio: wataalamu wa jeni wanamaliza kazi yao, kisha wanamkabidhi mkaushaji akaushe.

Kuvuta unga kwenyewe si jambo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitoka Uingereza inhela ya unga iliyoitwa Spinhaler, kazi ya daktari Roger Altounyan, mzaliwa wa Syria. Altounyan alikuwa na pumu, akajifanya panya wa maabara yake mwenyewe: alivuta vumbi la manyoya ya wanyama lililomwamshia pumu, kisha akavuta dawa aliyokuwa akiichunguza, kromolini, aone kama itamkinga. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani, na ndani ya inhela yake aliweka kitu alichokijua vizuri, yaani panga dogo lililozunguka kwa pumzi ya mgonjwa na kuutimua unga kutoka kwenye kapsuli. Tangu hapo unga wa kuvuta umepata ushindi na aibu. Insulini ya Exubera iliidhinishwa Januari 2006, na Pfizer wakaiondoa sokoni Oktoba 2007 baada ya watu kutoitaka. Kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi, antibiotiki ya tobramaisini ya unga ilifupisha kikao cha dakika kama ishirini kwenye nebulaiza hadi dakika tano hivi.

Njia za hewa za binadamu hugawanyika mara 23 hivi kabla ya kufika mwisho. Chembe yenye upana unaozidi mikromita 5 haiwezi kukata kona; hugonga koo, humezwa na kuishia tumboni. Iliyo chini ya nusu mikromita ni nyepesi mno kutua. Huingia na kutoka na pumzi ile ile. Inayotakiwa iko kati ya 1 na 5. Mbebaji wa jeni wa mafuta ana upana wa nanomita 100 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya mikromita, kwa hiyo akiachwa peke yake atatolewa nje. Hana budi kuzikwa pamoja na wenzake ndani ya chembe kubwa zaidi ya sukari. Hesabu ya ujazo inasema chembe ya mikromita 3 ingeweza kumeza vijipira 27,000 vya namna hiyo, lakini sehemu kubwa ya chembe lazima iwe sukari ya kuwatenganisha, hivyo idadi halisi ni ya mamia.

Udogo huo una adhabu yake. Chembe ikipungua upana mara kumi, uzito wake hupungua mara elfu, lakini nguvu inayoishikiza kwa jirani hupungua mara kumi tu. Ndiyo sababu mchanga mkavu humwagika vizuri, na unga laini wa muhogo huganda kwenye kuta za debe hata ulipige kofi. Unga wa mikromita 3 una ubishi zaidi ya huo. Hushikana mabonge ndani ya kapsuli, na bonge la mikromita 30 halivuki koo.

Mashine ya kukaushia inayotumiwa zaidi ni ya aina ile ile inayotengeneza maziwa ya unga. Dawa husukumwa kwenye tundu dogo, hutoka kama mvua laini, hukutana na hewa yenye joto, na maji hutoweka katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Watu huogopa joto, lakini joto si mkosaji mkuu: kitone kinachotoa mvuke hujipoza chenyewe, na jeni haionji joto lote la hewa iliyoingia. Mkosaji ni tundu. Pale dawa inapominywa ipite, uzi mrefu huvutwa upande huu na upande ule hadi unakatika. Plasmidi yenye maelfu ya jozi za herufi haivumilii. Vipande vifupi vya RNA vya kunyamazisha jeni, vyenye jozi ishirini na kitu tu, hupita bila kujua kilichotokea. Mwaka 2022 kundi la Olivia Merkel huko Munich lilivikausha vipande hivyo vikiwa ndani ya vijipira vya mafuta, kwa laktosi, na vikabaki na uwezo wa kunyamazisha jeni. Ni kazi nzuri, ila tusiidai yasiyo yake. Protini ya CFTR ina asidi amino 1,480, kwa hiyo ujumbe wake wa RNA una herufi zaidi ya 4,400. Huo ni mzigo mwingine kabisa.

Kinachookoa wakati wa kukauka ni sukari, na si sukari yoyote. Trehalosi, ambayo baadhi ya viumbe wadogo hujihifadhi nayo wakati wa ukame, ikikauka haifanyi fuwele, inakuwa kioo. Ndani ya kioo hicho mbebaji hawezi kusogea, na asiposogea hawezi kuungana na mwenzake. Laktosi imezoeleka zaidi katika inhela za pumu, lakini huweza kuungana kikemia na vikundi vya naitrojeni vilivyomo katika wabebaji wengi wa jeni, vikabadilika rangi na tabia kadiri miezi inavyokwenda. Trehalosi haina tabia hiyo. Tatizo lake ni kwamba inapenda maji. Trehalosi kavu hubaki kioo hadi joto linapozidi nyuzi 100, lakini kila tone la unyevu linalonyonywa kutoka hewani huishusha ngazi hiyo, hadi kioo kinalainika kwenye joto la kawaida la chumba na chembe zinagandamana. Kwa unyevu wa Mombasa au Tanga mwezi wa Aprili, kapsuli iliyoachwa wazi inaweza kuharibika kabla mgonjwa hajaivuta. Wakaguzi wa dawa hupima dawa za nchi zenye joto na unyevu kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Unga mwingi unaosifiwa kwenye majarida haujawahi kufikishwa kwenye chumba hicho.

Hapa ndipo lusini ilipoingia, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu ya habari nzima. Lusini ni asidi amino ya kawaida, imo ndani ya maharage na nyama. Haiyeyuki sana majini, tena hupenda kukaa juu ya uso wa kitone. Kitone kinapoanza kusinyaa, lusini ndiyo inayofikia kikomo chake mapema. Hujitenga na kufanya ganda la fuwele nje, huku trehalosi na jeni zikiendelea kukauka ndani. Maji ya ndani yanapomalizika ganda hujikunja na kuwa na mikunjo. Chembe mbili zenye mikunjo hugusana kwenye ncha chache tu, kwa hiyo hazishikani sana, na ganda lenyewe huuzuia unyevu. Kitu kimoja kinaurusha unga na kuukinga na maji. Ni nadra sana dawa moja kutibu maradhi mawili katika kazi hii. Ila ukizidisha lusini unaipunguzia jeni kioo chake, na fuwele zenyewe zikikua zinaweza kuwasukuma na kuwabana wabebaji. Kipimo sahihi hakitabiriki kutoka kwa mbebaji mmoja hadi mwingine. Kila mmoja hutafutiwa wake, kwa majaribio ya kuchosha ambayo hayampi mtu sifa.

Wengine wameikwepa njia ya hewa ya moto. Japani, kundi la Hirokazu Okamoto la chuo kikuu cha Meijo, Nagoya, lilieleza mwaka 2003 unga wa plasmidi na kitosani, nyuzi zitokanazo na maganda ya kamba na kaa, uliotengenezwa kwa kaboni dioksidi iliyopandishwa zaidi ya nyuzi 31 na shinikizo la mara 73 hivi la hewa tunayoivuta, hali ambayo gesi hiyo si hewa wala si maji. Hewa ya moto haikuhitajika, na kitosani iliiongezea jeni nguvu maradufu nyingi katika mapafu ya panya. Wengine hupulizia dawa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha barafu huondolewa ndani ya chombo kisicho na hewa bila kupita hali ya maji. Chembe zinazotoka ni kubwa, lakini zimejaa matundu na ni nyepesi kiasi kwamba hewa inazichukulia kama ndogo. Kanuni hiyo ya matundu ilielezwa na David Edwards na wenzake mwaka 1997: kinachohesabika ni jinsi chembe inavyoruka, upana wake peke yake hautoshi. Huko Austin, Texas, Robert Williams na Zhengrong Cui wanadondosha dawa juu ya ngoma ya chuma iliyopozwa mno. Inaganda kama utando mwembamba, inakaushwa, na baadaye pumzi yenyewe ndiyo inayouvunja utando huo kuwa chembe. Tundu la kuminya halipo, na kwa uzi mrefu naiona njia hiyo ina matumaini kuliko mashine ya maziwa. Ila mashine ya maziwa hutoa tani kwa siku, na naitrojeni ya maji ina bei.

Tuseme unga umefika. Kwenye pafu la mgonjwa wa sistiki faibrosisi unatua juu ya makohozi mazito yaliyojaa DNA ya seli nyeupe zilizokufa, na chaji hasi za DNA hiyo humnasa mbebaji yeyote mwenye chaji chanya. Ndani zaidi wapo walinzi wa pafu, seli zinazokula kila chembe ya mikromita moja na kuendelea. Kwa hiyo sukari iyeyuke upesi, mbebaji aachiwe, na awe bado na nanomita zake 100 hivi. Akiwa ameungana na wenzake hadi 400, hapiti kwenye makohozi. Jenny Lam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walijaribu njia ya werevu mwaka 2019. Walichukua peptidi iitwayo KL4, iliyoundwa kuiga protini ya ule utando laini unaoyazuia mapafu yasisinyae, wakaiunganisha na mkia unaopenda maji, wakaifungia RNA ndani yake na kuikausha. Mbebaji huyo anafanana na vitu ambavyo pafu linavyo tayari, na hakubuniwa kwa ajili ya sindano kisha akalazimishwa kuwa unga. Naamini mfano huo unafaa kufuatwa zaidi kuliko kuendelea kuwakausha wabebaji wa chanjo.

Sasa niseme jambo linalonikera katika machapisho ya fani hii. Unga hupimwa kwa mnara wa chuma wenye sahani zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa. Pampu huvuta hewa, chembe kubwa hunaswa juu na ndogo hushuka chini, kisha huandikwa asilimia iliyofika ghorofa za chini. Mnara huo hauna makohozi, haukohoi, wala hauchoki. Baadaye huja panya. Panya hawezi kuvuta inhela. Analazwa kwa dawa ya usingizi na unga unapulizwa kwa bomba moja kwa moja ndani ya njia yake ya hewa, ukivuka koo ambalo kwa binadamu lingenasa sehemu kubwa. Jeni inayobebwa mara nyingi ni ya kimeng'enya cha kimulimuli, ili pafu ling'ae chini ya kamera. Picha inapendeza, lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kupungukiwa mwanga wa kimulimuli.

Ushahidi kwamba kitu chenye uhai kinaweza kukaushwa, kusafirishwa na kuvutwa na binadamu umetoka upande wa chanjo. Robert Sievers wa Colorado, pamoja na Serum Institute ya Pune, walitengeneza unga wa kirusi hai cha surua kilichodhoofishwa, wakikikausha kwa msaada wa kaboni dioksidi pamoja na sukari-pombe iitwayo inositoli. Watu wazima wenye afya nchini India waliuvuta katika jaribio la awamu ya kwanza, na ukavumilika. Chanjo inahitaji seli chache tu ziambukizwe, kisha mfumo wa kinga unaendelea na kazi wenyewe. Tiba ya jeni haina msaidizi huyo. Inataka ifike kwenye sehemu kubwa ya seli za njia za hewa, na kwa kuwa seli hizo hufa na kuzaliwa upya, irudiwe maisha yote bila mwili kuichoka.

Kurudia ndiko kunakoupa unga thamani, na ndiko kunakoleta hesabu ya miligramu. Tobramaisini ya unga ni kapsuli nne asubuhi na nne jioni. Manitoli ya kuvuta, ambayo hulainisha makohozi ya wagonjwa hao hao, ni kapsuli kumi kila mara, miligramu 400, na watu huivuta huku wakikohoa. Unga wa jeni ambao asilimia chache tu za uzito wake ni jeni unaweza kufika huko kwa urahisi. Na inhela ya unga haina pampu. Nguvu yote ya kuvunja mabonge hutoka kwenye mbavu za anayevuta. Mtu mwenye pafu lililobaki nusu anaweza kuvuta kwa nguvu ndogo, na kupata dozi pungufu siku ambazo anaihitaji zaidi. Tobramaisini ya unga iliidhinishwa kwa walio na miaka sita na zaidi, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kuelekezwa avute kwa nguvu na kushikilia pumzi. Ugonjwa wenyewe, katika nchi zinazowapima watoto wachanga, hugunduliwa ndani ya wiki za mwanzo za maisha, kabla makovu hayajaanza, wakati ambao jeni ingefanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hao wadogo, hata unga ukikamilika, nebulaiza itabaki mezani.